Kutapika, Kuungama, Kutunga: Taswira za Moyoni na Uponyaji kati ya Thika na Kamiti, 1925–1981

UTANGULIZI

Mwishoni mwa mwaka 1925, daktari wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, alitoka Nairobi kwa gari dogo aina ya Ford kwenda kuzitazama mbuga za Athi. Akiwa juu ya kilima kifupi aliyaona makundi ya wanyama yakijongea polepole, vichwa chini, mpaka upeo wa macho. Katika kumbukumbu zake, zilizotolewa baada ya kifo chake mwaka 1961, anasimulia kwamba alijitenga na wenzake, na hapo ndipo ilipomjia fikira iliyomkaa hadi uzeeni: ulimwengu haukamiliki mpaka awepo wa kuuona na kujua kwamba anauona. Tangu mwaka 1913 Jung alikuwa amejizoeza kuziachia picha zijitokeze zenyewe akilini, kuzizungumzisha kana kwamba ni watu, na kuziandika. Aliamini kwamba kwa njia hiyo mtu huweza kujijua, na kwa kujijua akapona.

Katika safari hiyohiyo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Jung alimwuliza mganga mmoja mzee, laiboni, kuhusu ndoto zake. Mzee alijibu kwa machozi kwamba zamani malaiboni walikuwa wakiota, na kutokana na ndoto zao watu walipata habari za vita na maradhi. Tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena. Ndoto hazihitajiki, maana Waingereza wanajua kila kitu.

Masimulizi haya mawili, yaliyomo katika kitabu kimoja, yanazua tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Mgeni anasimama katika nchi ya watu na kujipatia taswira ya kumfunulia nafsi yake. Mwenyeji wa nchi hiyohiyo anaeleza kwamba uwezo wake wa kuona umekoma, na anamtaja aliyeukomesha. Wataalamu wengi waliozungumzia matumizi ya picha za akilini katika kujijua na kujiponya wamelishughulikia swali la namna: mtu afumbe macho vipi, aone nini, azungumze na picha hiyo kwa njia gani. Swali la laiboni ni jingine. Yeye anauliza taswira ni ya nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuifasiri.

Swali hili linachunguzwa hapa kwa kuzingatia historia ya ukanda mmoja mdogo: nchi inayoanzia Thika, ikapita Juja na Ruiru hadi gereza la Kamiti, pamoja na miinuko ya Gatundu iliyo juu yake. Juja yenyewe iko ukingoni mwa mbuga alizozitazama Jung. Hapo ndipo William Northcote McMillan, tajiri kutoka Marekani, alipojenga nyumba yake kubwa na kumkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Katika ukanda huu yametokea, ndani ya muda usiozidi miaka 60, matumizi kadhaa ya taswira za moyoni yaliyodai kuponya. Yakisomwa kwa pamoja, yanaonyesha kwamba picha ya moyoni huponya pale mwenye kuiona anapokuwa ndiye aitajaye, kwa hiari yake, mbele ya watu walio tayari kumpokea. Masharti hayo yakivunjwa, picha ileile hugeuka chombo cha kutesea.

KUTAPIKA

Mfano wa kwanza umehifadhiwa katika Facing Mount Kenya, kitabu alichokichapisha Jomo Kenyatta mjini London mwaka 1938 baada ya kusomea elimu ya jamii za watu chini ya Bronislaw Malinowski. Kenyatta, ambaye makao yake ya baadaye yalikuwa Ichaweri, Gatundu, alikuwa mjukuu wa mganga, na anadai katika kitabu hicho kwamba aliijua kazi ya uganga kwa kuandamana na babu yake. Sura yake juu ya uganga na tiba kwa hiyo ni ushahidi wa mtu aliyekuwa karibu, japo ni ushahidi wa wakili anayetetea taifa lake mbele ya wasomaji wa Ulaya.

Katika tiba anayoieleza, mganga, mũndũ mũgo kwa Kigĩkũyũ, humketisha mgonjwa mbele ya kishimo kilichoandaliwa na dawa. Humwambia kwamba amekuja kumtoa maradhi mwilini, kisha humtaka ayataje maovu anayoyajua na hata yale asiyoyajua, maana yuko karibu kuyatapika. Mgonjwa hulamba dawa, akatema ndani ya kishimo, na kutamka kwamba anatapika. Tendo hilo hurudiwa mara kwa mara. Neno lenyewe la kutakasa katika lugha hiyo, gũtahĩkia, lina maana ya kumtapisha mtu.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kinachotoka kinywani ni mate na dawa tu. Maradhi yenyewe, hasira, uchafu wa mwiko uliovunjwa na hofu ya wafu, hayaonekani kwa macho. Hutapikwa katika taswira. Mgonjwa hupewa picha ya jambo lililokuwa ndani yake bila umbo, akaiona ikitoka, ikianguka mahali maalumu, na ikafukiwa. Ni jazanda iliyopewa mwili: sitiari ya "kutoa lililo moyoni" inatendwa kwa ulimi, kwa mate na kwa udongo. Waswahili wanayo fikira hiyohiyo wasemapo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mambo matatu huipa taswira hii nguvu. Kwanza, mgonjwa, au watu wake kwa niaba yake, ndio wamwitao mganga. Pili, orodha ya maovu ina nafasi ya yasiyojulikana. Mgonjwa hatakiwi kuthibitisha kosa asilolijua, bali anaruhusiwa kulitema bila jina. Tatu, tendo lina mwisho. Kishimo kikishafukiwa, hakuna mwenye haki ya kumfukulia mgonjwa yaliyomo. Hurudi kwa watu wake akiwa safi, nao hulazimika kumpokea hivyo.

Haifai hata hivyo kuichora picha hii kana kwamba ilikuwa pepo ya duniani. Uganga huohuo uliweza kumtaja jirani kuwa mchawi, na Kenyatta, kwa kuwa anaandika utetezi, hasemi mengi juu ya ugomvi uliotokana na utaji huo. Kinachohitajika kwa hoja ya makala haya ni kidogo zaidi: kwamba kabla ya daktari yeyote wa nafsi kutoka Ulaya kukanyaga mbuga za Athi, wakazi wa nchi hii walikuwa na fani kamili ya kuitumia picha ya akilini kumponya mtu, na fani hiyo ilikuwa na masharti yake.

KUUNGAMA

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Miongoni mwa silaha ilizozitafuta dhidi ya Mau Mau ilikuwemo ile fani iliyokwisha kuelezwa. Louis Leakey, aliyekulia Kabete na kukijua Kigĩkũyũ tangu utotoni, alishauri kwamba kiapo kingeweza kufutwa kwa sherehe za utakaso za Wagĩkũyũ wenyewe. Waganga wakakodiwa, watu wakakusanywa, na wakatakiwa wakitapike kiapo walichokula. Kwa nje, sherehe ilifanana na ile ya zamani, lakini masharti yake yote matatu yalikuwa yamepinduliwa. Mgonjwa hakumwita mganga, aliletwa. Hakuruhusiwa kutema yasiyojulikana. Alitakiwa ataje majina ya waliomlisha kiapo, mahali na siku. Wala tendo halikuwa na mwisho, kwa kuwa kilichotapikwa hakikufukiwa bali kiliandikwa katika faili, na faili hiyo iliweza kufunguliwa tena wakati wowote.

Badiliko hili lilipata nadharia yake mwaka 1954. Mwaka huo J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, aliandika kwa ombi la serikali kijitabu kilichoitwa The Psychology of Mau Mau. Mwaka uliotangulia, katika utafiti alioufanyia Shirika la Afya Duniani, alikuwa amedai kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Katika kijitabu cha 1954 aliieleza Mau Mau kuwa zao la watu walioachwa katikati ya ulimwengu mbili, waliopoteza mila zao bila kupata za wengine. Suala la ardhi, ambalo mtu yeyote aliyepanda gari kutoka Ruiru kwenda Thika angeliona kwa macho katika mashamba ya kahawa na katani pande zote za njia, likageuzwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili nchini Algeria, alimjibu Carothers katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1961, akimweka katika kundi la wataalamu waliouvisha utawala joho la tiba. Hapa inatosha kuongeza jambo moja. Carothers hakuwanyima Wagĩkũyũ maisha ya ndani. Alikiri kwamba wanazo hofu, ndoto na picha. Alichowanyima ni haki ya kuzifasiri. Hayo ndiyo aliyoyasema laiboni wa Elgon miaka 29 kabla: Waingereza wanajua kila kitu.

Matokeo yake hayakubaki vitabuni. Mnamo mwezi Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa, na maelfu ya watu wakachujwa na kupelekwa Mackinnon Road na Manyani. Wachujaji wengine walikuwa wenyeji waliovishwa magunia kichwani, yenye matundu mawili ya macho, wakiitwa gakũnia. Kwa kutikisa kichwa tu waliamua mtu aende wapi. Kati ya mwaka 1954 na 1955, zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kutoka maboma yao na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kamiti, umbali mfupi kutoka Ruiru, ikawa kambi kuu ya wanawake, maelfu yao. Katika kambi hizo neno lililotawala lilikuwa kuungama. Aliyeungama alipandishwa ngazi kuelekea nyumbani. Aliyekataa alishushwa kuelekea kambi za mbali zaidi. Maofisa walizungumza kwa lugha ya tiba: kutibu, kusafisha, kurekebisha. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa walipokataa kufanya kazi iliyohesabiwa kuwa sehemu ya tiba hiyo.

Tofauti kati ya kutapika na kuungama, kwa hiyo, si ya maneno matupu. Katika kutapika, picha humtoka mtu ili aachane nayo. Katika kuungama kwa namna ya kambini, humtoka ili ishikwe na mwingine. Tendo la kwanza humrudisha mtu kwa watu wake, na la pili humtenga nao, maana kila jina alilolitaja ni jirani atakayekutana naye kijijini akirudi.

THIKA YA MBALI

Mwaka uleule wa Hola ulitoka kitabu ambacho jina lake limeifanya Thika ijulikane duniani. The Flame Trees of Thika, kilichochapishwa London mwaka 1959, ni kumbukumbu za Elspeth Huxley, aliyezaliwa mwaka 1907 na kuletwa na wazazi wake walipokuja kufungua shamba la kahawa karibu na Thika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alikiandika akiwa Uingereza, akiwa na umri uliopita miaka 50. Nchi anayoieleza ilikuwa imebaki katika mboni ya moyo tu.

Kitabu hiki ni mfano bora wa taswira zinazotumiwa kujitafuta. Mwandishi anajirudisha katika macho ya mtoto. Anainusa tena ardhi, anaisikia mito, anawaona majirani wazungu na upuuzi wao kwa kejeli nyepesi. Yeyote aliyeachana na nchi ya utoto wake ataielewa faraja ya kazi hiyo. Huxley hawadhihaki Wagĩkũyũ peke yao, wala hajifanyi kuwaelewa pasipoeleweka. Mtoto anayesimulia mara nyingi hukiri kwamba watu wazima wa rangi zote hawaelezeki.

Lakini macho ya mtoto yana kikomo, na kikomo hicho kina kazi yake katika fani ya kitabu. Mtoto hawezi kuuliza shamba lilipatikanaje. Anaona kwamba kuna nyasi na wadudu, na baadaye kuna miche ya kahawa. Kwa kuichagua nafsi hiyo kuwa msimulizi, mwandishi anajipatia nchi isiyo na mashtaka. Picha inamtuliza kwa sababu kitu kimoja kimeachwa nje ya fremu, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kikiwaleta wanawake wa nchi hiyohiyo nyuma ya seng'enge za Kamiti.

Mfano huu unaongeza sharti ambalo uganga wa kale ulilijua. Kutuliza na kuponya si kitu kimoja. Mganga alimtaka mgonjwa ayataje hata maovu asiyoyajua. Picha iliyochagua kutoyaona inaweza kupendeza sana, ikamfariji aliyeichora, na donda likabaki pale pale.

KUTUNGA

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, gereza la Kamiti halikufungwa. Mwaka 1957 Dedan Kimathi alikuwa amenyongwa humo na kuzikwa. Miaka 12 baadaye liliingia kizazi kingine cha wafungwa wa siasa. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946 na mfuasi wa chama cha Kenya People's Union, alihukumiwa mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Alitumikia kifungo cha miaka 3, sehemu kubwa akiwa ametengwa peke yake. Humo aliandika kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Diwani hii imehakikiwa mara nyingi kama fasihi ya upinzani, na ni sawa. Lakini ikisomwa sambamba na historia iliyotangulia, inaonekana pia kuwa kazi ya uponyaji. Shairi la "Jipu" linatoa mfano ulio wazi zaidi. Mshairi analieleza jipu lililomtokea, linalomnyima raha na kuendelea kuiva kuelekea kupasuka. Wahakiki wamelifasiri jipu hilo kuwa dhuluma ndani ya mwili wa taifa, na fasiri hiyo ina mashiko. Hata hivyo, jipu ni la mwili wa msemaji kwanza. Mfungwa asiyeweza kuiona nchi anausikiliza mwili wake, anapata ndani yake picha ya maumivu yenye mwanzo, ukuaji na mwisho, na kwa picha hiyo anajua kwamba dhiki yake si hali ya milele. Lugha yenyewe imemsaidia. Kwa Kiswahili jipu hutunga usaha, na mshairi hutunga shairi. Kilichokusanyika ndani, kikauma na kutafuta pa kutokea, kinaitwa kwa kitenzi kimoja na kazi ya sanaa.

Taswira ya jipu inakaribiana na ile ya kutapika, ingawa mmoja ni mshairi wa Mvita na wengine ni wagonjwa wa Gatundu. Zote mbili hulipa dhara lililo ndani umbo la kitu kitakachotoka. Ila Abdilatif hana mganga wala kishimo. Amejigawa mwenyewe kuwa mgonjwa, mganga na shahidi. Hilo linaeleza kwa nini majibizano yana nafasi kubwa katika diwani yake. Katika "Mnazi" ndugu wawili, Alii na Badi, wanavutana juu ya mti. Katika "Usiniuwe" kiumbe kilichomo tumboni kinamsihi mama yake. Mtu aliyefungiwa peke yake amekijaza chumba sauti za wengine. Jung alizizungumzisha picha zake kwa njia inayofanana na hii, lakini Abdilatif hakumhitaji Jung. Majibizano ni mali ya kale ya ushairi wa Kiswahili, na mshairi aliyekulia Mombasa aliyabeba kichwani, mahali ambapo askari wa gereza hawakuweza kupekua.

Linalostahili kusisitizwa ni kwamba Abdilatif hakuungama. Shairi la "Siwati" ni tamko la mtu anayekataa kuuacha msimamo wake. Ametapika bila kuungama: ameyatoa yaliyomo moyoni mwake kwa umbo alilolichagua, kwa wasomaji aliowatumaini, bila kuwapa wakubwa wa gereza jina hata moja. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mshairi ndilo lililoandikwa juu ya tuzo, na rais huyo ndiye aliyeandika miaka 36 kabla juu ya mgonjwa anayetema maovu yake mbele ya watu waliotayari kumpokea.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977 na kuachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, bila kushtakiwa mahakamani. Katika Detained, kitabu cha mwaka 1981, anaeleza jinsi alivyonyimwa kuonana na daktari wa meno kwa sababu alikataa kutiwa minyororo ili apelekwe kutibiwa. Tukio hilo ni dogo, lakini linalibeba suala zima. Mfungwa aliyeumwa jino alipewa tiba kwa sharti la kuikubali picha ambayo serikali ilikuwa imemchora, yaani mtu hatari anayefaa kutembezwa katika minyororo. Akaona afadhali maumivu.

Humohumo aliandika, naye juu ya karatasi za chooni, riwaya ya Kigĩkũyũ Caitaani Mũtharaba-Inĩ, iliyotoka mwaka 1980 na kufasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Mhusika wake mkuu, Warĩĩnga, ni mgonjwa wa taswira. Anajiona mbaya; anaichubua ngozi yake kwa dawa; amewahi kutaka kujiua. Picha aliyo nayo juu ya nafsi yake imetoka kwa wengine. Tena tangu ujana wake anasumbuliwa na ndoto: watu waliovaa matambara wanamsulubu Shetani, na baada ya siku tatu watu waliovaa suti na tai wanamshusha msalabani.

Riwaya nzima inaweza kusomwa kuwa safari ya kuifasiri ndoto hiyo. Carothers angeiita dalili ya mtu aliyekwama kati ya ulimwengu mbili, na msalaba ungemtosha kuwa ushahidi. Ngũgĩ hampeleki Warĩĩnga kwa daktari. Anampakia katika matatu pamoja na abiria wengine, kila mmoja na masimulizi yake, na kumfikisha Ilmorog mahali wezi wakubwa wanaposhindana hadharani kujisifia wizi wao. Anapowaona, ndoto yake inapata maana: walioishusha sanamu msalabani wana majina, mabenki na mashamba. Anajijua kwa kuijua hali iliyomzunguka, na katika sehemu ya mwisho tunamkuta amekuwa fundi wa mitambo, mwenye mikono inayoujua ufundi wake na uso asioutaka ubadilike.

Mwisho wa riwaya una utata unaopaswa kukabiliwa. Warĩĩnga anamwua kwa bastola mzee tajiri aliyemharibia ujana wake, kisha anaondoka. Je, amepona? Kwa kipimo cha mganga wa kale jibu si rahisi. Ametaja, ametoa, lakini hakuna jamii inayompokea. Anatoka ukumbini peke yake, na matatizo makubwa zaidi yanamngoja mbele. Huenda huo ndio ukweli wa kitabu kilichoandikwa gerezani. Mwandishi aliweza kumpa mhusika wake ufahamu wa nafsi na hata kisasi. Hakuweza kumpa kijiji cha kurudi, maana yeye mwenyewe wakati huo hakuwa na uhakika wa kurudi kwake.

HITIMISHO

Historia hii fupi inaonyesha kwamba picha za moyoni hazina wema wala ubaya wa asili. Taswira ya kutapika ilimponya mgonjwa wa Gatundu, na taswira hiyohiyo, mikononi mwa wachujaji, ikamvunja jirani yake. Kumbukumbu za utoto zilimfariji mwandishi mmoja kwa sababu zilikuwa na mambo zisiyoyaona. Chumba cha Kamiti, kilichokusudiwa kuinyonga fikira, kiliwapa washairi na waandishi wa riwaya nafasi ya kuigeuza dhiki kuwa umbo. Lililozitofautisha hali hizi ni mamlaka: nani ameiita picha, nani ameitaja, na nani amelipokea neno lake.

Lipo deni ambalo uhakiki haujalilipa. Wafungwa waliotajwa hapa kwa vitabu vyao ni wanaume wasomi. Maelfu ya wanawake waliofungwa Kamiti katika miaka ya 1950 hawakuandika diwani. Waliimba, na nyimbo za wakati huo ziliishi vinywani. Maina wa Kinyatti alikusanya nyimbo za Mau Mau katika kitabu cha mwaka 1980, naye akafungwa kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Taswira za wanawake hao, za kambi, za watoto walioachwa na za mashamba yaliyotwaliwa wakiwa ndani, hazijasomwa kwa uangalifu waliopewa Abdilatif na Ngũgĩ. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambini na kukubali kuwalipa watu 5,228. Wazee walioyaleta mashtaka hayo walilazimika kuyasimulia upya yaliyowapata, zaidi ya miaka 50 baadaye. Safari hii wao ndio waliochagua kusema.

Juja ya leo ni mji wa wanafunzi. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981, mwaka uleule uliotoka Detained. Vijana wanaopita njia ya Thika kila siku wanaahidiwa, kama vijana wa kila mahali, kwamba wakifumba macho na kuiona picha njema ya nafsi zao watatulia. Ahadi hiyo haipaswi kubezwa. Nchi wanayoipita imekwisha kuijaribu mara nyingi, na imeacha ushahidi wa kutosha kwamba picha njema isiyotaja kilichouma ni nusu ya dawa, na iliyoshurutishwa na mwingine si dawa kabisa.